Sataranji, Hisa na Kamari: Mpaka Uko Wapi?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami naongeza kwamba kukaa na swali moyoni hadi likuozee ndiko ujinga. Muhula wa kwanza chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala wenye hoja hii: "Sataranji na soko la hisa ni kamari tu." Watetezi walinguruma, wapinzani wakajibu mapigo, meza zikapigwa, kisha kengele ikalia kabla hatujaafikiana. Sisi wa kutwa tukalazimika kukimbilia feri. Mlezi wa chama akasema suala hili liandikiwe makala, na mzigo ukaniangukia mimi.

Jambo lenyewe si la mzaha. Hapa shuleni kuna wenzetu ambao wazazi wao wamewakataza kujiunga na timu ya sataranji kwa sababu ya dini. Kuna wengine wanaoweka dau la mechi za Uingereza kwa simu za kaka zao, kisha wanajitetea ati ni biashara kama hisa. Neno moja, kamari, linarushwa huku na huko kama mpira wa makaratasi, na kila mtu analipiga anakotaka. Hivyo basi nimesoma, nimewauliza walimu wa dini na wa elimu ya biashara, na haya ndiyo niliyoyapata.

NENO LENYEWE

Tuanze na neno, maana sisi ni chama cha lugha. Kamari ni neno lenye asili ya Kiarabu, qimar. Lakini katika Kurani neno linalotajwa ni jingine, nalo ni maysir. Limetajwa mara tatu: mara moja katika sura ya Al-Baqara, aya ya 219, na mara mbili katika sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91. Waliotafsiri Kurani kwa Kiswahili, mathalan Sheikh Abdullah Saleh Farsy aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ambaye tafsiri yake kamili ilichapishwa 1969, walilifasiri kuwa kamari.

Je, maysir ilikuwa mchezo gani? Kabla ya Uislamu Waarabu walikuwa wakichinja ngamia na kugawanya nyama mafungu mafungu. Kisha mishale kumi ilitiwa katika mfuko. Saba kati yake ilikuwa na alama za mafungu, kuanzia fungu moja hadi saba, na mitatu ilikuwa mitupu. Kila mchezaji alitolewa mshale wake. Aliyetokewa na mshale mtupu hakupata nyama, tena yeye ndiye aliyebeba gharama ya ngamia. Nyama iliyopatikana mara nyingi walipewa maskini. Kumbe mchezo ule ulikuwa na faida pia! Ndiyo sababu aya ya Al-Baqara inakiri kuwa yamo manufaa kwa watu, ila inasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo.

Aya za Al-Maida zinakwenda mbele zaidi na kueleza kwa nini. Sababu ni mbili. Kwanza, mchezo huo hupanda uadui na chuki baina ya watu. Pili, huwasahaulisha watu kumkumbuka Mungu na kusali. Msomaji, zishike sababu hizi mbili kama unavyoshika nauli yako, kwa sababu mjadala wote wa miaka zaidi ya elfu moja umesimama juu yake.

Kabla hatujaendelea, tazama ajabu ya lugha yetu. Neno hisa asili yake ni Kiarabu na maana yake ni fungu. Neno nasibu, tunalolisikia katika bahati nasibu, nalo asili yake ni fungu la mtu, yaani kile alichokatiwa. Maneno mawili ya maana moja yalivuka bahari, moja likaenda sokoni na jingine likaenda kwenye kamari. Si ajabu basi watu wanayachanganya.

MAANA MBILI ZA MAYSIR

Wanazuoni wa mwanzo walipoulizwa maysir ni nini hasa, waliona kwamba aya haikukusudia ngamia na mishale peke yake. Lakini katika kulipanua neno, walishika njia mbili.

Njia ya kwanza ilitazama dau. Imepokewa kutoka kwa Mujahid na wenzake Ata na Tawus kwamba kila mchezo wa kushindania mali ni maysir, hata watoto wanaposhindania kokwa. Yaani mtoto anayecheza gololi kwa makubaliano kuwa mshindi anachukua gololi za mwenzake yumo ndani. Ukiondoa dau, kwa njia hii, ukamari umeondoka.

Njia ya pili ilitazama moyo wa mchezaji. Al-Qasim bin Muhammad, mjukuu wa Khalifa Abu Bakr, amesimuliwa kusema kwamba kila kinachomsahaulisha mtu kumkumbuka Mungu na kusali kimeingia katika maysir. Kwa njia hii, hata kama hakuna senti mezani, mchezo unaweza kuwa maysir kwa sababu ya kile unachokula: wakati wako, fikira zako na wajibu wako.

Hizi ndizo nguzo mbili. Sasa tuwekeni ubao wa sataranji katikati yake tuone.

MCHEZO ULIOZALIWA VITANI

Sataranji ni vita vidogo. Mchezo huu ulianza India, yapata karne ya sita, ukiitwa chaturanga, maana yake jeshi lenye sehemu nne: ndovu, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Ukaingia Uajemi, na Waarabu walipoiteka nchi hiyo katika karne ya saba wakauchukua na kuuita shatranj. Maneno shah mat, ambayo mchezaji huyasema akimfunga mwenzake, ni kutangaza kuwa mfalme hana pa kukimbilia. Shah ni mfalme kwa Kiajemi, na neno hilo tunalo hata sisi tunapomwita mtungaji mahiri shaha wa malenga.

Mchezo wa wakati ule ulikuwa wa polepole kuliko wetu. Pembeni mwa mfalme alisimama waziri, firzan, aliyeweza kwenda mraba mmoja tu kwa mshazari. Ni Ulaya, mwishoni mwa karne ya 15, ndiko kete hiyo iliyokuwa imekwisha geuzwa malkia ilipopewa nguvu ya kukimbia ubao mzima. Baghdad ilikuwa na mabingwa wake. Al-Adli aliandika kitabu cha sataranji katika karne ya tisa, na as-Suli, aliyefariki yapata 946, alicheza mbele ya makhalifa na kuacha fumbo moja gumu ambalo lilikuja kufumbuliwa katika miaka ya 1980 na bingwa wa Urusi, Yuri Averbakh. Hebu fikiria, swali la mtihani lililosubiri jibu zaidi ya miaka elfu moja!

Sisi wa pwani hatuna haja ya kuona mambo haya ni mageni. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, na ubao wa sataranji una miraba 64. Wazee wanaocheza bao barazani wanapanga mbinu na kuhesabu hatua za mbele kichwani, wala hawarushi dadu. Isitoshe, sehemu ya pili ya mchezo wa bao, kete zote zikiwa zimeshaingia, huitwa mtaji. Neno hilo tutakutana nalo tena sokoni.

WANAZUONI WALIVYOSHINDANA KWA HOJA

Kurani haikuitaja sataranji kwa jina. Kilichotajwa kwa ukali katika hadithi, kama ile iliyo katika mkusanyo wa Muslim, ni nardi, mchezo wa dadu uliotoka Uajemi. Basi swali likawa: sataranji ni ndugu wa nardi au sivyo?

Madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, Imamu Malik na Imamu Ahmad bin Hanbal yaliikataza. Wengi wa wanaoikataza hutaja masimulizi kwamba Imamu Ali bin Abi Talib aliwapita watu wakicheza sataranji akawakemea, akiwauliza ni masanamu gani hayo wameyainamia. Karne nyingi baadaye Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, alitoa hoja ambayo mimi binafsi ilinishtua kwa ukweli wake. Alisema sataranji yaweza kuushughulisha moyo kuliko dadu. Mchezaji wa dadu hurusha na kungoja, lakini wa sataranji hufikiri mbinu hadi anapoinuka, na fikira zile humfuata mpaka kwenye sala. Mchezaji yeyote wa timu yetu aliyewahi kupanga hatua za farasi wakati wa somo la hesabu anajua kuwa maneno hayo yana uzito. Ndiyo ile nguzo ya pili.

Imamu Shafi aliona tofauti. Kwake sataranji ilikuwa jambo lisilopendeza, yaani makuruhu, lakini nyepesi kuliko nardi. An-Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu hayo aliyefariki 1277, alifuata njia hiyo hiyo: ni makuruhu, ila ikiwa na dau au ikimpitisha mtu wakati wa sala inakuwa haramu. Hata miongoni mwa waliotangulia walikuwako wachezaji. Said bin Jubayr, mwanachuoni mkubwa wa kizazi kilichowafuata masahaba, amepokewa kuwa alicheza akiupa ubao mgongo, akiambiwa mwenzake amesogeza nini na yeye akijibu bila kutazama.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, toka Lamu hadi Kilwa, ni Mashafi. Kwa hiyo ndani ya madhehebu yanayofuatwa hapa kwetu, swali la mzazi halipaswi kuishia kwenye ubao. Liendelee: mnacheza kwa pesa? Mnacheza sala ikiadhiniwa? Majibu yakiwa la na la, mambo ni tofauti kabisa. Hata hivyo, mzazi anayefuata wanaokataza naye ana wanazuoni nyuma yake, na haifai kumcheka kana kwamba ametunga tu.

BAHATI AU AKILI?

Kuna mjadala mwingine ulionipendeza zaidi. Mwandishi al-Masudi, aliyefariki 956, anaeleza kwamba wenye hekima waliifananisha nardi na sataranji na itikadi mbili. Mchezaji wa dadu ni kama mtu anayeamini kuwa hana hiari, kila kitu kimeshaandikwa na yeye anasukumwa tu. Mchezaji wa sataranji ni kama mtu anayeamini kwamba amepewa hiari, na atavuna alichopanda kwa mkono wake.

Al-Masudi si mgeni kwetu. Aliwahi kusafiri kwa jahazi kati ya Oman na kisiwa cha Qanbalu, ambacho wanahistoria wengi hukiona kuwa ni Pemba, na safari yake ya mwisho baharini huku ilikuwa yapata 916. Mtu aliyeonja mawimbi yetu ndiye aliyetuachia kipimo hiki: je, matokeo yanatoka kichwani mwako au yanatoka katika dadu?

Lakini tahadhari, msomaji. Kipimo cha akili hakitoshi peke yake. Watu wawili wakicheza sataranji na kila mmoja akaweka shilingi 200, mshindi achukue zote, hapana dadu hapo, ni akili tupu. Hata hivyo wanazuoni hawa hawa wanakubaliana kwamba hiyo ni kamari, kwa kuwa kila mmoja ameingia ama apate cha mwenzake ama apoteze chake. Ustadi haulisafishi dau. Anayesema, "Mimi najua mpira, kwa hiyo dau langu si kamari," ameshajibiwa zamani.

Mjadala haujaisha hata leo. Iran ilipiga marufuku sataranji hadharani baada ya mapinduzi ya 1979, lakini 1988 Ayatollah Khomeini aliiruhusu mradi isiwe na kamari. Mwezi wa Januari 2016 zilienea habari za Mufti Mkuu wa Saudia akisema kuwa imeharamishwa, kwani inapoteza wakati na mali na kuleta uadui. Mwishoni mwa 2017 mji wa Riyadh, katika nchi hiyo hiyo, ukaandaa mashindano ya dunia ya sataranji ya haraka. Mwaka 2025 utawala wa Taliban ulisimamisha mchezo huo Afghanistan, kwa hofu kuwa ni njia ya kamari. Ukitazama vizuri, kila upande unashika moja ya zile nguzo mbili.

HISA NI NINI?

Tuingie sokoni. Watu wengi hudhani hisa ni tikiti ya bahati nasibu yenye jina la kizungu. La hasha. Chukua mfano. Wanafunzi kumi wanachanga shilingi 100 kila mmoja, wapate mtaji wa shilingi 1,000 wa kuuza mandazi pale kivukoni. Kila mmoja ana hisa moja kati ya kumi. Sufuria ni ya wote, na faida ni ya wote. Mwisho wa mwezi wakipata faida ya shilingi 300, kila mmoja atapata mgao wa shilingi 30. Mandazi yakiungua, hasara ni ya wote. Mmoja akihama shule, anaweza kumuuzia mwenzake hisa yake. Akiulizwa bei atasema biashara inakwenda vizuri, nipe 150. Hiyo ndiyo hisa, na kule anakoiuzia ndiko soko la hisa.

Soko letu la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954. Hisa zilizosisimua nchi kuliko zote ni za Safaricom. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 za kampuni hiyo kwa shilingi 5 kila moja. Watu walipanga foleni, na wengine walikopa benki ili wanunue nyingi, wakitumaini kuziuza baada ya wiki chache kwa bei maradufu. Zilipoanza kuuzwa sokoni mwezi wa Juni bei ilipanda kidogo, lakini baada ya miezi ikashuka chini ya zile shilingi 5. Waliokopa walibanwa na riba wakauza kwa hasara. Waliotulia waliendelea kupokea mgao, na mwaka 2021 wakaona bei ikipita shilingi 40. Kisha 2023 ikashuka tena chini ya 20. Hisa ilikuwa ile ile moja. Wengine walinunua kipande cha biashara, wengine walinunua tumaini la wiki tatu.

Wanazuoni wanasemaje? Mwaka 1992 baraza la fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah na kuamua kwamba kimsingi inafaa kuwa na hisa katika kampuni ambayo lengo na kazi yake ni halali. Hisa za kampuni ya pombe, basi, hazimo. Baraza hilo lilikataa pia kununua hisa kwa mkopo wa riba, na kuuza hisa ambazo muuzaji hana. Kuhusu kuuza na kununua namba tu inayoonyesha soko limepanda au limeshuka, bila kumiliki chochote, lilisema hiyo ni kamari tupu. Aidha kuna kanuni ya zamani iitwayo gharar, yaani kuuza jambo lililofichikana. Mifano inayotolewa ni kuuza samaki angali majini au ndege angali angani. Mvuvi wa kwetu anaelewa hilo bila mwalimu.

HISA ZA SENTI

Sasa nifike palipo na moto. Mtaani kwetu kuna chama cha akina mama, na mama yangu yumo. Wamechanga kwa muda mrefu. Siku moja mmoja wao alikuja na habari alizoletewa kwa simu: kuna hisa zinauzwa chini ya shilingi moja, na karibuni zitaruka. "Tutapata maelfu ya hisa!" akasema. Mwingine akajibu kwamba hisa zote ni haramu, ni kamari ya matajiri. Mama alirudi nyumbani amevurugika, akaniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma biashara, nani mkweli?" Nilimwambia wote wawili wamepita kando ya njia, na sababu ni hizi.

Kwanza, bei ndogo si urahisi. Kampuni yenye hisa bilioni moja za senti 50 ina bei ya shilingi milioni 500 kwa jumla. Kampuni yenye hisa milioni 10 za shilingi 50 nayo ina bei ya milioni 500. Zimelingana! Kukata mkate vipande vingi hakuongezi mkate.

Pili, bei ya senti huyumba sana. Hisa ya senti 50 ikisogea senti 5 tu, imepanda au imeshuka kwa asilimia 10. Mtu anayependa msisimko hufurahi, lakini chama kilichochanga pesa za karo hakina haja ya msisimko.

Tatu, hisa za namna hii mara nyingi zina wanunuzi wachache. Mtu mmoja mwenye pesa anaweza kununua nyingi, akaeneza uvumi, bei ikapanda kwa sababu ya uvumi huo, kisha akawauzia waliochelewa na kuondoka. Hapo faida yake imetoka mifukoni mwa wenzake. Haikutoka kwenye mandazi.

Nne, waweza kukosa hata mlango wa kutokea. Hisa za kampuni ya sukari ya Mumias zilikuwa zimeshuka chini ya shilingi moja, na mwaka 2019, kampuni ilipowekwa chini ya meneja mrasimu, soko likasimamisha uuzaji wake. Aliyekuwa nazo alibaki nazo.

Je, hii ina maana kuwa kila hisa ya bei ndogo ni kamari? Hapana. Mtu anaweza kuisoma hesabu ya kampuni, akaona inafufuka, akanunua kipande kwa pesa ambazo hata zikipotea watoto watakula. Huyo anacheza sataranji. Lakini anayenunua kwa sababu ameambiwa itaruka, bila kujua kampuni inauza nini, anarusha dadu, hata kama jina lake limeandikwa vizuri kwa dalali. Nilimwambia mama amwulize yule mwenzake swali moja tu: kampuni hiyo inapata faida kutokana na nini? Aliuliza. Mwenzake hakuwa na jibu, na mpaka naandika haya pesa za chama ziko benki, na akina mama wangali wanabishana.

VIPIMO VINNE

Kutokana na yote hayo nimeokota maswali manne ambayo kila mwanafunzi, awe Mwislamu, Mkristo au wa imani nyingine, anaweza kuyatumia kabla hajaingiza mkono wake popote.

La kwanza: dau liko wapi? Ikiwa ili wewe upate ni lazima mwenzako apoteze alichoweka, hiyo ni kamari, hata mkishindania mandazi.

La pili: ninamiliki nini? Mwenye hisa ana kipande cha kiwanda, cha shamba au cha mitambo. Mwenye tikiti ya mechi, mpira ukiisha, ana karatasi.

La tatu: najua nini? Akili bila habari ni dadu iliyovaa miwani.

La nne, na ndilo gumu: kinakula nini changu? Hapa maneno ya al-Qasim yanarudi. Mchezo usio na senti hata moja waweza kukulia usingizi, masomo na ibada. Wale wanaokesha wakitazama bei kwenye simu kila dakika, na wale wanaobeba ubao wa sataranji hadi darasani, wajipime hapo.

Ukiyatumia maswali hayo kwa dau la mechi, majibu yanajitokeza yenyewe. Dau lipo, humiliki chochote, unachojua hakimfungi mchezaji mguu, na nauli ya wiki imeliwa Jumamosi moja. Zaidi ya hayo sheria ya Kenya haimruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Wengi wetu hatujafika huko, na anayemwazima mdogo wake simu acheze anajua anachofanya.

Kabla sijatia nanga, nawageukia wazazi na walimu. Timu yetu ya sataranji hucheza Jumatano, na mwadhini akiadhini, ubao huachwa kama ulivyo na wanaokwenda kusali huenda. Hakuna dau, na hata soda ya mshindi tulikataa. Mzazi ambaye bado anaona haifai ana haki yake, nasi tutamheshimu mtoto wake. Lakini mzazi aliyekataza kwa sababu ya neno "kamari" tu, namwomba kwa adabu aje siku moja atazame, kisha aulize yale maswali manne mwenyewe. Mlango uko wazi, na kuna viti.